Laini za Biashara Zisitegemee Njia Moja

Imekuwa jambo la kawaida siku hizi kumsikia karani wa benki, mhasibu wa chama cha akiba au ofisa wa forodha akiwaambia watu waliopanga foleni kwamba mtandao umekwenda. Maneno hayo hutamkwa kama vile mtu asemavyo kuwa mvua imenyesha, yaani kama jambo lisilo na mwenyewe wala dawa. Watu husubiri, hunung'unika, kisha hurudi makwao. Sisi twasema kuwa mtandao hauendi wenyewe. Mahali fulani pana waya uliokatwa, betri iliyoibwa, mtambo uliokosa umeme, au mkataba uliotiwa sahihi bila ya kusomwa. Na nyuma ya kila kimojawapo yupo mtu aliyepaswa kutimiza wajibu wake naye hakuutimiza.

Twayaelekeza maneno haya kwa maofisa na askari wa jeshi na polisi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wao ni miongoni mwa wanaoumia. Mishahara yao hupitia benki. Akiba zao zimo katika vyama kama Wazalendo na Exodus. Na askari aliyepangiwa kazi Karamoja, au aliyevuka mpaka kwa amri ya taifa, humtumia mkewe ada ya shule ya watoto kwa njia ya simu. Laini ya chama cha akiba ikikatika siku ya kufungua shule, mtoto wa askari hukaa nyumbani hata kama fedha ya baba yake ipo salama. Sababu ya pili ni kwamba hakuna raia anayeelewa kuliko askari maana ya mawasiliano kukatika. Kikosi kisichosikia amri ni kundi la watu tu wenye bunduki.

Hapana budi kwanza tueleze jambo lenyewe. Kampuni nyingi, hospitali, benki na ofisi za Serikali hazitumii intaneti kama ile ya nyumbani, ambayo majirani wengi hugawana njia moja, na jioni kila mtu akiwasha simu yake kasi hushuka. Wao hukodi laini maalumu. Laini hiyo ni ya mteja mmoja kutoka kwake hadi kwenye mitambo ya kampuni inayoiuza; kasi iliyoandikwa katika mkataba ndiyo kasi anayotakiwa kuipata mchana na usiku; na aghalabu kasi ya kutuma huwa sawa na kasi ya kupokea. Bei yake ni kubwa kupita ile ya laini ya pamoja. Lakini mteja halipii kasi peke yake. Analipia ahadi kwamba laini haitakatika ovyo, na kwamba ikikatika, mtu atakuja. Ahadi hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, na ndiyo ambayo wanunuzi wengi husahau kuichunguza.

Safari ndefu ya kufika baharini

Uganda haina pwani. Kwa miaka mingi mawasiliano yetu na ulimwengu yalipitia satelaiti iliyo juu ya dunia kwa takriban kilomita 36,000, na kila neno lililotumwa lililazimika kupanda huko na kushuka tena. Huduma ilikuwa ghali na ya polepole. Mambo yalibadilika mwaka 2009, mikongo ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa, na mwaka 2010, mkongo wa EASSy ulipoanza kazi. Serikali yetu nayo haikulala. Ilianzisha mamlaka ya NITA-U kwa sheria ya mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukatandazwa kwa awamu mpaka ukagusa mipaka yetu: Malaba na Busia upande wa Kenya, Elegu upande wa Sudan Kusini, Katuna upande wa Rwanda, na Mutukula upande wa Tanzania.

Hayo ni maendeleo ambayo hakuna mtu mwenye macho anayeweza kuyakana. Hata hivyo, askari akipewa ramani hatazami tu kwamba njia ipo. Hutazama pia ni wapi adui anaweza kuikata. Na sisi tuitazame ramani hii hivyo hivyo. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na fiba hufuata barabara na reli. Katika mwendo huo wote kuna makorongo yanayofurika, greda zinazopanua barabara, watu wanaochimba mitaro ya maji, na wezi. Ukishafika baharini, waya huzama na kuendelea maelfu ya kilomita nyingine kabla ya kufika Ulaya au Asia. Mfanyabiashara wa Mbale anayefungua hesabu zake zilizohifadhiwa katika kompyuta za ng'ambo huitegemea njia hiyo yote, hatua kwa hatua, kila siku anayofungua duka.

Bahari yenyewe imetupa mafunzo zaidi ya mara moja. Mwezi wa Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali pasiporuhusiwa na kuukata mkongo wa TEAMS, wakati ambapo mikongo mingine ilikuwa imekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu siku chache tu kabla. Mwezi wa Februari 2024, meli ya mizigo Rubymar, iliyopigwa kombora karibu na Yemeni na kuachwa na mabaharia wake, ilielea huku ikiburura nanga, na mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ikakatika, mmoja wao ukiwa SEACOM. Kwa sababu ya vita, meli za kutengeneza mikongo hazikuweza kufika upesi, na kazi hiyo ikacheleweshwa kwa miezi. Kabla jeraha hilo halijapona, tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Afrika Mashariki ikawa kama mtu aliyefungiwa mlango wa mbele na wa nyuma kwa wakati mmoja.

Yaliyofuata yana somo kubwa. Tanzania, iliyoitegemea sana mikongo hiyo miwili, iliumia vibaya. Kenya ilitikisika lakini haikuanguka, kwa kuwa ilikuwa na mikongo mingine inayoishia Mombasa. Uganda, Rwanda na nchi nyingine zisizo na pwani zilipata huduma au zilikosa kwa kadiri ya njia walizokuwa wamezikodi wauzaji wao. Ofisi mbili katika mtaa mmoja wa Kampala ziliweza kuwa na hali tofauti kabisa: moja ikiendelea na kazi kwa mwendo wa pole, na nyingine ikiwa gizani. Bahari ilikuwa ile ile. Tofauti ilitokana na maandalizi yaliyofanywa miezi au miaka kabla ya siku hiyo.

Njia mbili zilizo moja

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1914 hadi 1918, majeshi ya Ulaya yaligundua kwa uchungu kwamba waya wa simu uliotandazwa juu ya ardhi ulikatwa na mizinga mara tu mapigano yalipoanza, yaani saa ile ile ulipohitajiwa. Ndipo yalipojifunza kuufukia chini sana, na kutandaza waya mbili zilizounganishwa hapa na pale mithili ya ngazi, ili upande mmoja ukikatwa habari ipite upande wa pili. Juu ya hayo yaliendelea kuwatumia matarishi na hata njiwa. Hadi leo askari wa mawasiliano hufundishwa kuwa asitegemee chombo kimoja: simu ya upepo ikinyamaza, waya uwepo, waya ukikatwa, tarishi awe tayari.

Jambo hili ambalo kuruta hulifahamu, mameneja wengi hawalifahamu. Wengine wana laini moja tu, na wanaiita maalumu kana kwamba jina hilo ni ngao. Wengine wamejitahidi kununua laini mbili kutoka kampuni mbili, wakalala usingizi wakidhani wamejikinga. Lakini kampuni hizo mbili huenda zinakodi fiba kwa mwenye mtaro mmoja, chini ya barabara moja, na kupita katika nguzo zile zile. Siku greda linapopita hapo, laini zote mbili hufa pamoja. Huyo mteja amelipa mara mbili kwa ajili ya njia moja. Ni kama kamanda aliyeweka walinzi wawili mahali pamoja, akaliacha lango la nyuma bila mtu.

Kosa hilo hilo laweza kufanywa katika kiwango cha nchi. Wako wanaosema kwamba tukiwa na njia ya Malaba na njia ya Mutukula, basi tumekwisha kuwa salama. Njia hizo mbili ni za lazima, nasi twazisifu; zitatusaidia fiba ikikatika Eldoret au Naivasha. Lakini EASSy na SEACOM zote hutia nanga Mombasa na pia Dar es Salaam. Mkongo wa bahari ukikatika, kupitia Tanzania badala ya Kenya ni kubadili daraja tu ilhali mto umekauka kwenye chemchemi. Kwa hiyo swali la mnunuzi lisiishie kwenye mpaka wa nchi. Aulize: habari zangu hupita katika mkongo gani wa bahari, na ukifa, ni mkongo gani mwingine umekwisha kulipiwa na kuandaliwa kuzipokea? Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hilo kwa maandishi hana njia ya pili ya kuuza.

Kuna kinga nyingine iliyo karibu nasi ambayo haitumiwi ipasavyo. Tangu mwaka 2001 Kampala ina kituo cha kubadilishana mawasiliano, UIXP, ambamo kampuni za intaneti hukutana na kupeana habari humu humu nchini bila ya kuzipeleka ng'ambo na kuzirudisha. Chama cha akiba ambacho kompyuta zake kuu zimo Uganda, na ambacho wanachama wake wako Uganda, kinaweza kuendelea kuwalipa hata bahari ikiwa imechafuka. Chama kilichoweka kila kitu ng'ambo hakiwezi. Hatusemi kwamba kila kitu kilichoko nje ni kibaya. Twasema kwamba lililo la lazima kwa uhai wa kila siku lisihifadhiwe mahali ambapo nanga ya meli ya mgeni yaweza kutufungia mlango.

Hesabu ya asilimia

Tugeukie mkataba. Wauzaji hupenda kuandika kwamba laini itakuwa hai kwa asilimia 99 ya mwaka, na msomaji asiyefanya hesabu huona ni sawa na ukamilifu. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 1 ya hizo ni zaidi ya saa 87, yaani siku tatu na nusu na zaidi. Asilimia 99.5 huruhusu takriban saa 44 za giza kwa mwaka. Asilimia 99.9 huruhusu saa 8 na dakika 45 hivi, na asilimia 99.99 huruhusu dakika zipatazo 53. Tofauti baina ya tarakimu hizo ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye kituo cha mpaka ni tofauti baina ya malori machache yaliyochelewa na msururu wa malori yaliyolala barabarani. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambaye tangu mwaka 2021 hutakiwa kutoa ankara zake kwa mfumo wa EFRIS, naye anaijua hesabu hiyo mfukoni mwake.

Hata tarakimu nzuri yaweza kuwa pazia. Yafaa mnunuzi asome maandishi madogo. Je, saa huanza kuhesabiwa pale laini ilipokatika, au pale mteja alipopiga simu na kupewa namba ya malalamiko? Je, kazi ya matengenezo iliyopangwa na kampuni huhesabiwa, au husamehewa? Je, kukatwa kwa fiba na mtu wa tatu huitwa balaa isiyo na mwenyewe, hata kama hutokea kila mwezi mahali pale pale? Na fidia ni nini? Mara nyingi ni kupunguziwa sehemu ndogo ya ada ya mwezi, jambo ambalo halimrudishii mwenye duka mauzo ya siku moja. Fidia ya namna hiyo haimtii hofu muuzaji wala haimponyi mnunuzi. Afadhali mkataba utakaomruhusu mteja kuondoka bila adhabu, laini ikishindwa mara kadhaa zilizotajwa katika muda uliotajwa.

Zaidi ya hayo, yafaa kupambanua saa za kuitika na saa za kutengeneza. Kampuni ikiandika kwamba itaitika katika dakika 30, haijaahidi kutengeneza chochote. Imeahidi tu kwamba mtu atapokea simu na kusema, "Tumesikia." Mlinzi anayeitika alipoitwa, lakini haondoki kitandani, hajalinda kitu.

Fundi wa usiku

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Hakuna laini isiyokatika. Waya wa fiba ni nyuzi za kioo, kila moja ikiwa nyembamba kama unywele, na hakuna kioo kilichozikwa kando ya barabara ya Afrika kitakachodumu bila ya kuguswa. Nchi yetu pia ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi, na radi haziheshimu mitambo ya minarani. Kwa hiyo muuzaji mwema hajulikani kwa kuapa kwamba laini yake haitakatika. Hujulikana kwa jinsi anavyokwenda usiku wa manane, mvua ikinyesha, kuitafuta ilipokatikia.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Fundi huunganisha kifaa kwenye ncha ya uzi na kutuma mmweko wa nuru. Nuru hugonga mahali palipokatika na kurudi, na kwa kupima muda wake kifaa humwambia fundi ni umbali gani hadi kwenye jeraha. Kisha gari hupelekwa, mtaro hufukuliwa, na nyuzi huunganishwa moja baada ya nyingine kwa kuyeyushwa na cheche ya umeme, tena kwa usafi kama wa chumba cha upasuaji. Gari likiwapo, mafuta yakiwapo, waya wa akiba ukiwapo na mafundi wakiwa karibu, ni kazi ya saa chache. Visipokuwapo, saa hugeuka siku. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kampuni inayouza laini Gulu, Arua na Mbarara, huku mafundi wake wote na vipuri vyake vyote viko Kampala, inawauzia watu wa huko fimbo ya mbali.

Twazitaka kampuni hizo, nasi hatutaji hata moja kwa jina maana dosari hii ni ya wengi, zifanye mambo matatu. Ziweke kikosi cha matengenezo katika kila eneo zinalouzia laini. Zimpe mteja mtu wa kuzungumza naye anayeijua laini yake, si sauti ya mashine inayomzungusha kutoka tarakimu hadi tarakimu. Na ziseme kweli. Laini ikikatika, mteja aambiwe ni wapi, kwa sababu gani, na itarudi lini. Na baadaye apewe taarifa ya maandishi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Meneja anayeambiwa kila mara kwamba huduma itarudi "baada ya muda mfupi" hukosa hata nafasi ya kuwaambia wateja wake warudi kesho, na mwisho huacha kuamini chochote.

Haki hutaka pia tuseme upande wa pili. Si kila lawama ni ya muuzaji. Mara nyingi fundi hufika baada ya safari ndefu na kukuta kwamba ruta ya mteja imezimwa na mfagiaji, au jenereta ya ofisi imeishiwa mafuta, au betri ya dharura imekufa tangu mwaka jana na hakuna aliyeigusa. Wapo wanaolipia laini ya pili kila mwezi, lakini hawajaijaribu hata siku moja. Siku ya dhiki wanagundua kwamba haifanyi kazi. Askari hangoji vita ndipo afyatue bunduki yake kwa mara ya kwanza. Laini ya pili nayo ipelekwe kwenye shabaha: mara moja kila mwezi, laini kuu izimwe kwa makusudi katika saa isiyo na kazi nyingi, ionekane kama ya pili itachukua mzigo.

Wajibu wa maofisa na askari

Sasa twasema na ninyi, ndugu zetu wa jeshi na polisi. Kwenu yako mambo ambayo hakuna kampuni wala mhandisi anayeweza kuyafanya mahali penu.

La kwanza ni ulinzi. Watu wengi hukata fiba wakitafuta shaba. Ndani ya fiba hamna shaba. Ni kioo na plastiki, na hakuna anayekinunua kioo hicho. Mwizi hukata, hutazama, hutupa, kisha hukata tena mbele akidhani huko ndiko iliko mali. Kwa faida isiyokuwapo huiacha wilaya nzima bila benki. Maafisa wa polisi wanaohusika na uhusiano mwema na wananchi walitangaze jambo hili katika mikutano ya vijiji: waya huu hauuziki. Kuna wengine wanaojua vizuri wanachokitaka, nao ni wezi wa betri, paneli za jua na mafuta ya jenereta minarani. Hao hawaibi kwa bahati mbaya. Wana wanunuzi, na upelelezi usikome kwa kijana aliyekamatwa na betri mgongoni. Ufike hadi kwenye duka linaloipokea.

La pili ni njia ya mafundi. Laini hukatika usiku, na usiku kuna vizuizi barabarani. Fundi aliyebeba kitambulisho, hati ya kazi na mashine ya kuunganisha fiba asingojeshwe saa mbili huku afande akijadili kama mashine hiyo ni bomu, wala asidaiwe chochote ili apite. Kwa upande mwingine, wapo wezi wanaovaa fulana za kampuni na kofia za mafundi. Dawa yake ni utaratibu: kampuni ikitoa kikosi usiku, ikipigie simu kituo cha polisi cha eneo hilo, itaje namba ya gari na mahali pa kazi. Hapo askari wa kizuizi atajua nani apite na nani akamatwe, na hatalazimika kukisia gizani.

La tatu linahusu sululu zetu wenyewe. Vikosi vya uhandisi hujenga barabara na majengo, na kambi huchimba mahandaki, mashimo ya vyoo na mitaro ya maji. Kabla ya kuchimba kando ya barabara kuu, ofisa mwenye dhamana aulize ni nani aliyezika nini hapo. Kuuliza huchukua asubuhi moja. Kukata mkongo huwagharimu maelfu ya watu siku nzima, na pengine huzima hata mawasiliano ya kikosi chenyewe kilichochimba. Kumbukeni pia kwamba kamera za barabarani zilizoanza kuwekwa Kampala mwaka 2018, ambazo polisi huzitegemea katika kuwafuatilia wahalifu, hazioni chochote kwa manufaa ya upelelezi ikiwa waya wa kupeleka picha umekatika.

La nne ni kutoa habari. Askari wa doria huona mengi kabla ya mhandisi: kifuniko cha shimo la ukaguzi kilichong'olewa, waya uliofichuliwa na mvua, nguzo iliyoinama, mlango wa mnara ulio wazi saa tisa za usiku. Mambo haya yaandikwe katika kitabu cha matukio na yaarifiwe asubuhi hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

La tano ni lenu kama wenye mali. Mnapohudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa chama chenu cha akiba, msiulize juu ya faida ya hisa peke yake. Ulizeni: laini yetu ina njia ya pili? Inapita wapi? Ilijaribiwa lini mara ya mwisho? Mwaka uliopita ilikatika kwa saa ngapi, na muuzaji alilipa nini? Viongozi watakaojua kwamba maswali hayo yanakuja watayatafutia majibu mapema, na hilo peke yake litakuwa nusu ya matengenezo.

Serikali nayo haikosi sehemu yake. Ofisi za umma ni wanunuzi wakubwa wa laini, na mnunuzi mkubwa ana nguvu ya kufundisha soko adabu. Zabuni zisimpe ushindi muuzaji wa bei ya chini kabisa bila ya kumuuliza njia zake na mafundi wake. Mipango ya barabara mpya itenge mahali pa kupitisha fiba tangu mwanzo, ili tusiendelee kuchimba, kufukia na kuchimba tena pale pale. Na taarifa za kukatika kwa huduma zitolewe hadharani, ili raia ajue ni muuzaji gani anayetimiza neno lake.

Wakati mwingine husemwa kwamba mambo ya intaneti ni ya matajiri wa Kampala. Si kweli. Mama anayepokea pensheni ya mumewe aliyefia vitani, dereva aliyelala Busia akingoja hati za mzigo, mgonjwa anayengoja majibu ya maabara kutoka hospitali ya rufaa, wote wako mwisho wa waya huo huo. Hawaujui, hawajawahi kuuona, lakini siku ukikatika wao ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Kwa ajili yao twatoa mwito: wauzaji watimize ahadi, wanunuzi wasome mikataba, na ninyi mliokabidhiwa ulinzi wa nchi mhesabu waya uliozikwa kando ya barabara pamoja na madaraja, matangi ya maji na nguzo za umeme, yaani miongoni mwa vitu ambavyo zamu yenu haina budi kuvikuta salama na kuviacha salama.